Kabla ya kwenda Kambodia: jitayarishe, na ujue nani anakungoja

Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya ibada, watu wawili walikuja kwenye ofisi ya parokia yetu, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Wa kwanza alikuwa mama muuguzi. Alikuwa amealikwa katika mkutano wa siku sita wa wahudumu wa afya Wakristo huko Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Wa pili alikuwa kijana wa kwaya mwenye diploma ya kompyuta. Mtu mmoja alikuwa amemwandikia kwa WhatsApp kwamba kazi inamngoja katika nchi hiyo hiyo, mshahara dola 1200 kwa mwezi, na tiketi ya ndege imekwisha kulipwa. Wote wawili walitaka kitu kimoja: barua ya kanisa yenye muhuri.

Mama alisafiri mwezi wa kumi na moja, akarudi salama. Kijana hakusafiri. Tangu siku ile wachungaji wa parokia nyingine wametuuliza mara nyingi tulifanyaje, kwa sababu barua za mialiko na za kazi kutoka Asia zinazidi kufika kwetu. Makala hii ni jibu letu. Inaeleza mambo ya kutayarisha kwa mtu anayekwenda Kambodia, na mwishoni inaeleza kwa nini karatasi zile mbili hazikupata jibu moja.

Nchi yenyewe

Kambodia, ambayo shuleni wengi wetu tuliisoma kwa jina la Cambodge, iko kusini-mashariki mwa Asia, kati ya Thailand, Laos na Vietnam. Ina watu wapatao milioni 17. Ufaransa iliitawala tangu 1863 mpaka 1953. Kati ya 1975 na 1979 utawala wa Khmer Rouge, chini ya Pol Pot, ulifukuza watu wote mijini, ukafuta pesa, ukafunga shule na nyumba za ibada. Watu karibu milioni 1.7 walikufa kwa njaa, kwa magonjwa na kwa kuuawa. Vita havikuisha mara moja hata baada ya hapo.

Mtu wa Kivu au Ituri akifika huko atatambua mambo mengi haraka: pikipiki iliyobeba watu watatu na gunia, soko kandokando ya barabara, dola mfukoni, na wazee wasiopenda kuzungumzia miaka fulani. Lakini kufanana huku kusikudanganye. Ni nchi ngeni, lugha ni ngeni, na ukipata shida hakuna shangazi wa kupigia simu mtaani. Ndiyo maana kazi kubwa ya safari hii inafanyika nyumbani, kabla ya kufunga valizi.

Karatasi

Paspoti iwe na muda wa miezi sita angalau tangu siku utakayoingia, na iwe na kurasa tupu. Kadi ya elekta haina kazi huko. Anza kushughulikia paspoti miezi mingi mbele, maana ndiyo inayochelewesha safari nyingi za watu wetu.

Angalia majina. Sisi Wakongo tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na mara nyingi tiketi inaandikwa mawili tu, au yanageuzwa mpangilio. Mwambie anayekukatia tiketi ayaandike kama yalivyo katika paspoti, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja limewarudisha watu kutoka uwanja wa ndege.

Viza inaombwa kwa intaneti kwenye adresi rasmi ya serikali ya Kambodia, evisa.gov.kh. Viza ya utalii ni dola 30 na inampa mtu siku 30. Iko pia viza ya kawaida, aina ya E, ya dola 35, ambayo ndiyo wanayoanza nayo wale wanaokwenda kwa shughuli au kazi. Zipo adresi nyingine nyingi zinazofanana na ile rasmi, nazo zinatoza mara mbili au zaidi. Watu wa mataifa mengi hupewa viza wakifika uwanjani, lakini si mataifa yote. Usipande ndege kwa kutegemea hilo. Pata viza ukiwa bado nyumbani, uichapishe kwenye karatasi.

Siku saba za mwisho kabla ya kufika, jaza fomu ya kuingia kwenye arrival.gov.kh. Fomu hii ni ya bure. Anayekuomba pesa kwa ajili yake anakuibia.

Kadi ya manjano ya chanjo si mapambo. Kongo ni nchi yenye homa ya manjano, na Kambodia inataka cheti cha chanjo kwa anayetoka kwetu. Thailand, ambako ndege nyingi zinapitia, inataka vilevile. Chanjo inaanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya sindano, na tangu 2016 sindano moja inatosha kwa maisha yote. Sote tunajua kwamba kadi hii inaweza kununuliwa bila sindano. Usifanye hivyo. Unajinyima kinga, na unabeba cheti cha uongo mbele ya askari wa nchi ya kigeni.

Barua ya mwaliko iwe kwa Kiingereza. Kifaransa chetu hakitakufikisha mbali: wazee wachache bado wanakikumbuka, lakini vijana na maofisa wanatumia Kikhmer na Kiingereza. Barua itaje jina la anayekualika, mahali utakapolala, namba ya simu inayopatikana, tarehe za kufika na kurudi, na nani analipa nini.

Mwisho, toa kopi tatu za kila karatasi. Moja weka katika valizi, moja achia familia, moja achia mchungaji. Piga picha pia, ujitumie kwa imeli. Paspoti ikipotea, kopi hizo ndizo zitakazosema wewe ni nani.

Njia

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na tangu hapo wengi wa Kivu wanatokea Kigali, Bujumbura au Entebbe. Wa Beni, Butembo na Bunia wengi wanatokea Entebbe. Hesabu basi kwamba safari yako ina mipaka miwili hata kabla ya ndege: hakikisha karatasi za kupita nchi ya jirani, na usiruke muhuri wa DGM wa kutoka. Anayetoka bila muhuri anajitafutia maneno siku ya kurudi.

Kutoka huko ndege nyingi hupita Addis Ababa, Doha au Dubai, kisha Bangkok, ndipo Phnom Penh. Nunua tiketi moja inayofika mpaka mwisho. Ukinunua mbili tofauti kwa sababu ni rahisi kidogo, unaweza kulazimika kuingia Thailand ili kuchukua mzigo na kuusajili tena, na kwa kuingia wanataka viza. Mzigo unaosajiliwa nyumbani mpaka Phnom Penh unakuondolea shida hiyo. Tiketi iwe ya kwenda na kurudi, kwa sababu maofisa wanaweza kuuliza utarudi lini. Tena ni usalama wako: tarehe ya kurudi iko mkononi mwako.

Usipange kuingia Kambodia kwa gari kutoka Thailand. Nchi hizo mbili zilipigana mpakani Julai 2025, zikapigana tena Desemba, na njia za nchi kavu zilifungwa. Mtu akikwambia, "Shuka Bangkok, dereva wetu atakuchukua," simama hapo kwanza. Tutarudia neno hilo.

Uwanja mpya wa ndege wa Phnom Penh, unaoitwa Techo, ulifunguliwa Septemba 2025. Uko mbali na mji kuliko ule wa zamani. Mwambie mwenyeji akungoje na jina lako limeandikwa kwenye karatasi, na awe amekutumia picha yake mapema.

Saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Saa mbili ya usiku Bukavu, Phnom Penh ni saa saba ya usiku. Mwambie mume au mke wako jambo hili mapema, asije akafikiri umenyamaza kwa ubaya.

Afya

Adui wa kwanza ni mbu wa mchana. Kambodia ina homa ya dengue, inayoletwa na mbu anayeuma tangu asubuhi mpaka jioni, hata mjini. Chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Vaa mikono mirefu, paka dawa ya kufukuza mbu. Ukipata homa kali na maumivu ya viungo, usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa maana dengue inaweza kuleta kutoka damu na dawa hizo zinaizidisha. Paracetamol ndiyo inayofaa mpaka uone daktari.

Malaria ni habari nyingine, na hapa Mkongo ana hatari yake mwenyewe. Katika mji wa Phnom Penh malaria karibu haipo. Inapatikana zaidi katika misitu na mipakani. Lakini wewe unaweza kuibeba kutoka nyumbani. Mama yetu alipata homa siku ya nne. Kliniki walimpima dengue, wakaona hakuna, wakataka apumzike tu. Yeye akawaambia, "Mimi nimetoka Kongo, nipimeni malaria." Walimpima, wakaikuta. Alitibiwa siku hiyo hiyo, na siku ya sita alikuwa mkutanoni. Kama angenyamaza, tungeweza kumpoteza kwa ugonjwa ambao kila muuguzi wa kwetu angeutambua kwa kumwangalia. Kwa hiyo, homa yoyote ukiwa huko, au mwezi wa kwanza baada ya kurudi, taja nchi ulizotoka. Na usikasirike ukiulizwa maswali mengi ya afya uwanjani. Wamesikia habari za magonjwa ya kwetu, wanafanya kazi yao.

Maji kunywa ya chupa iliyofungwa. Barafu yenye tundu katikati inatoka kiwandani, na kwa kawaida haina shida. Ile iliyopondwapondwa kutoka bonge kubwa iache. Beba chumvi na sukari za maji ya kuharisha, na dawa zako za kila siku zikiwa katika boksi zake pamoja na karatasi ya daktari.

Joto ni kali, hasa mwezi wa nne. Mvua ni tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi. Katikati ya mwezi wa nne ni mwaka mpya wa Wakhmer: ofisi zinafungwa, mabasi yanajaa, bei zinapanda. Kama una shughuli za ofisi, epuka siku hizo.

Pesa

Hapa msomaji wa Kongo ana faida kuliko wageni wengi. Kambodia ina pesa yake, riel, lakini dola ya Marekani inatumika nayo sokoni, hotelini na kwenye teksi, kama kwetu inavyotumika pamoja na franga. Dola ilienea huko hasa wakati wa jeshi la Umoja wa Mataifa la 1992 na 1993. Dola moja ni karibu riel 4000. Sarafu za senti hazitumiki. Chenji ya chini ya dola moja utarudishiwa kwa riel.

Na kama kwetu, noti iliyopasuka hata kidogo, iliyoandikwa kalamu au kuchafuka, inakataliwa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka chagua dola zako kama mama anavyochagua mchele: safi, nzima, za karibuni. Uwe na noti ndogo nyingi za 1, 5 na 10, kwa sababu dereva hana chenji ya 100. Nawe ukirudishiwa noti mbovu, ikatae pale pale. Kesho hakuna atakayeipokea.

M-Pesa na Airtel Money zetu hazikusaidii huko. Gawa pesa zako mahali pawili au patatu mwilini na mizigoni. Ukibeba zaidi ya dola 10 000, kwa mfano pesa ya kikundi, sheria inataka uzitangaze mpakani. Kisha weka dola 100 kando kwa ajili ya dharura, na usiziguse kwa zawadi.

Siku za kule

Magari yanapita upande wa kuume, kama Kongo. Mjini watu husafiri kwa tuktuk, pikipiki ya kuvuta kibanda cha abiria. Ukiwa na intaneti kwenye simu, programu za Grab na PassApp zinakuonyesha bei mapema, na hakuna haja ya kubishana. Ukipanda pikipiki, dai kofia. Laini ya simu inauzwa kwa bei nafuu, lakini lazima uonyeshe paspoti.

Phnom Penh ina wezi wa pikipiki wanaonyakua simu na mikoba. Usisimame ukingoni mwa barabara ukiongea na simu, na usivae mkoba upande wa barabara. Watu wa Goma na Kampala hawahitaji kufundishwa sana jambo hili.

Adabu na imani

Wakhmer huitana kwa umri na undugu kama sisi. Aliyekuzidi kidogo unamwita *bong*, ndiyo kaka au dada mkubwa. Mzee mwanamume ni *ta*, babu. Mzee mwanamke ni *yeay*, bibi. Mama yetu alisema maneno hayo matatu yalimfungulia milango kuliko Kiingereza chake chote. Kusalimia ni kuunganisha viganja mbele ya kifua na kuinamisha kichwa kidogo; kwa mzee, viganja vinapanda juu zaidi. Asante ni *aw kun*.

Usimguse mtu kichwani, hata mtoto. Kichwa ni kitu cha heshima. Usimwelekezee mtu nyayo zako. Vua viatu ukiingia nyumba ya mtu. Katika mahekalu, yakiwemo yale makubwa ya Angkor, funika mabega na magoti. Mwanamke asimguse mtawa wa Kibuddha wala kumkabidhi kitu mkono kwa mkono.

Ubuddha ni dini ya taifa, na Wakristo ni wachache sana. Wamishonari wa Kiprotestanti walifika 1923, na Biblia nzima kwa Kikhmer ilitoka 1954, lakini katika miaka ya Pol Pot kanisa lile karibu limalizike. Wanaoimba leo ni waliobaki na watoto wao. Ukienda kama mgeni wa kanisa, fuata sheria ya nchi: kuhubiri nyumba kwa nyumba kumekatazwa, vitabu vya dini vinagawiwa ndani ya nyumba za ibada tu, na kumpa mtu pesa au vitu ili abadili dini ni kosa. Ukivunja sheria, wewe utapanda ndege urudi. Ndugu zako wa huko ndio watakaoitwa na polisi. Waulize wenyeji, ufanye wanavyokwambia.

Usiache njia

Kusini hadi kaskazini, na hasa upande wa mpaka wa Thailand, vita viliacha mabomu yaliyotegwa ardhini. Tangu 1979 yamewaua watu karibu 20 000 na kuwajeruhi wengine zaidi ya 45 000. Mijini na kwenye mahekalu yanayotembelewa hakuna shida. Vijijini, usiache njia iliyokanyagwa, hata kwa haja ndogo, na ukiona kibao chekundu chenye fuvu la kichwa, rudi ulikotoka. Sisi ambao mashamba yetu yamewahi kuachwa na risasi na makombora tunaelewa.

Hapa kuna jambo la kumfurahisha msomaji wa Kiswahili. Baadhi ya mabomu hayo yanatafutwa na panya buku waliofundishwa Morogoro, Tanzania, na shirika la APOPO. Panya hunusa baruti lakini ni mwepesi, hawezi kulipua bomu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia miaka mitano, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Alikufa Januari 2022. Leo kuna watoto wanaocheza mahali alipopita.

Karatasi ya kijana

Sasa turudi ofisini. Mama tuliweza kumwandikia barua siku ile ile. Tulipiga simu Phnom Penh, mwenyeji akapokea, akatutajia ukumbi, hoteli na majina ya wengine walioalikwa. Tulimpata Mkongo mwingine aliyewahi kuhudhuria mkutano kama huo. Kila swali lilikuwa na mtu wa kulijibu.

Karatasi ya kijana ilikuwa nzuri kwa macho, yenye rangi na nembo. Lakini tulipouliza jina la kampuni na mahali ilipo, ilikuja namba ya Telegram tu. Tulipoomba mkataba, ilikuja picha isiyo na sahihi. Viza ilikuwa ya utalii. Aliambiwa itabadilishwa akiwa huko. Tiketi ilikuwa ya kwenda tu, na iliishia Bangkok. Kutoka hapo gari lingemchukua. Tuliomba kuzungumza na Mwafrika mmoja anayefanya kazi pale, kwa video. Yule mtu akakasirika, akamwandikia kijana: mbona unaingiza kanisa katika mambo yako?

Kwa nini tuliogopa? Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120 000 nchini Myanmar, na wapatao 100 000 nchini Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli kwa kompyuta. Wengi waliitwa kwa matangazo ya kazi nzuri, wakapokewa Bangkok, wakapelekwa kwa gari. Wakifika, paspoti inachukuliwa, lango linafungwa, ukuta una waya wa miiba. Wanapewa simu na majina ya uongo, wanalazimishwa kuwadanganya watu wa nchi nyingine kwa maneno ya mapenzi na faida za biashara zisizokuwepo. Asiyefikisha kiasi anapigwa. Anayetaka kutoka anaambiwa alipe deni la tiketi, au anauzwa kwa wengine, au familia yake inapigiwa simu itume pesa. Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa katika majumba kama hayo upande wa Myawaddy, Myanmar. Kati yao kulikuwa na Waethiopia na Wakenya. Ni vijana wenye masomo, wanaojua kompyuta na lugha, kama huyu wetu.

Kijana hakupokea vizuri. Shangazi yake alikuwa ameuza sehemu ya shamba kwa ajili ya paspoti. Alisema, "Mchungaji, mnataka nizeeke hapa?" Mchungaji akamjibu, "Mwanangu, nataka uzeeke. Mtu huyu aniambie tu jina lake na mlango wake, nitatia muhuri leo." Jina halikuja. Baada ya siku tisa ile namba ilifungwa.

Hatuwezi kuapa kwamba ilikuwa mtego. Kijana hakuimba katika kwaya kwa miezi miwili, na tuliona uchungu wake. Leo anatengeneza simu na kufundisha kompyuta jioni. Pato lake halifiki robo ya lile aliloahidiwa. Tunakubali kwamba neno "usiende" ni rahisi kwa mwenye mshahara. Kwa hiyo kanisa likimzuia kijana, lina deni la kumsaidia kutafuta kazi nyingine. Parokia yetu ilianza kwa kumpa chumba na umeme wa jua.

Kabla ya kutia muhuri

Wachungaji, wazee na viongozi wa vijana, barua yenu ina uzito. Maofisa wanaisoma, na familia inakopa pesa kwa kuiamini. Kabla ya kuitoa, ulizeni haya:

1. Anayekualika ni nani, na tumeongea naye kwa sauti, si kwa ujumbe tu?
2. Mahali utakapolala ni wapi, na kuna mtu mwingine anayepajua?
3. Viza inalingana na shughuli? Mwenye viza ya utalii haendi kazini.
4. Tiketi ni ya kwenda na kurudi, mpaka mji wenyewe?
5. Nani amelipa, na unadaiwa nini ukifika?
6. Nani hapa nyumbani ana kopi za karatasi zako?
7. Utapiga simu siku gani na saa ngapi, na tukikosa kukusikia tutamwita nani?

Swali la saba lisipite haraka. Pateni kutoka kwa wizara ya mambo ya nje jina la ubalozi wetu unaoshughulikia nchi ile, na namba yake, kabla ya safari. Kubalianeni pia neno moja la siri: msafiri akilitaja katika mazungumzo ya kawaida, mnajua amebanwa na hawezi kusema wazi. Likitajwa, msitume pesa kwa haraka. Mwambieni atume mahali alipo kwa simu kama anaweza, mweke picha na sauti zote, kisha mwarifu wizara na shirika la uhamiaji la OIM, ambalo limewasaidia wengi kurudi kwao. Na kama aliyerudi ni wa kwenu, mpokeeni bila kumcheka. Alidanganywa, wa kuona aibu ni waliomdanganya.

Paspoti yako isikae mkononi mwa mtu mwingine, isipokuwa kwa dakika chache za mezani hotelini au mpakani. Anayeitaka "kwa kuitunza" amekwisha kukujibu swali la nani anakungoja.

Kuuliza si ujinga. Yesu alisimulia habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Mama yetu alihesabu miezi mitano: sindano, majina, noti, namba za simu. Alirudi na madaftari mawili yaliyojaa, na sasa kila Alhamisi anawafundisha wauguzi wa vituo vinne mambo aliyoyapata huko. Mungu awatangulie wote wanaosafiri, na kila mmoja akifika, akute mlangoni mtu ambaye jina lake tunalijua.